Nishani ya Bi Mwanasiti

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, ambaye kila anachotuma kina mtu anayemlenga. Sijui safari hii alimlenga nani, ila nimeona niipitishe kwenu. Someni mpaka mwisho, msiishie katikati halafu mkaja kuniuliza kilitokea nini.

Paliondokea mfalme mmoja, Makungu, aliyetawala mji wa bandari. Alikuwa mtu wa shaka kupindukia. Akiletewa chai, mletaji anywe kwanza. Akisifiwa, anauliza umetumwa na nani. Mawaziri wakicheka, anataka kujua anachekwa nani.

Zamani za babu yake, maadui waliuvamia mji ule kwa merikebu za vita, wakashindwa. Kila baharia aliyepigana akapewa nishani ya fedha, na nyumba katika safu inayotazama bandari. Nishani zikarithiwa. Katika nyumba zile, mtoto akitimiza siku arobaini huvishwa kwanza nishani ya ukoo shingoni, ndipo majirani wambebe.

Siku moja mfalme akaingiwa na wazo kwamba katika safu ile wamo matapeli. Akatoa amri kila nyumba ilete nishani yake barazani. Itakayoonekana ya bandia, wenyewe wahame jua halijazama.

"Mtukufu, tutazipimaje?" aliuliza Haidari, mkaguzi wake.

"Kwa hii." Mfalme aligusa kifua. Ilikuwa nishani aliyoikuta kwenye sanduku la marehemu babu yake, akaishonea kwenye joho. "Isiyofanana na hii ni ya uongo."

Haidari akachukua kioo cha kukuzia, kazi ikaanza. Nishani zote zilikuwa na merikebu mbili, moja inazama. Lakini kwenye ya mfalme inayozama ilikuwa kulia, na kwenye za watu ilikuwa kushoto.

"Ya bandia," alisema Haidari. Ikaja nyingine. "Ya bandia." Na nyingine tena. Watu wakaanza kulia, na kwa kweli inauma kuona mtu mzima analilia nyumba aliyozaliwa.

Mfalme yeye alikuwa anatikisa kichwa kwa raha. "Si nilisema? Safu nzima wezi! Tena fundi wao ni mmoja, maana wote wamekosea mahali pamoja!"

Wa mwisho alikuwa Bi Mwanasiti, mjane aliyekuwa akilea wajukuu wake katika nyumba ile na hana kwingine pa kwenda. Nishani yake ilikuwa imejaa alama za meno ya watoto.

"Ya bandia," alisema Haidari, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, nitahama," alisema Bi Mwanasiti. "Ijapokuwa sijui wajukuu zangu nitawalaza wapi leo. Lakini nitendee haki. Zetu zote umezitazama kwa kioo. Ya mfalme umeitazama?"

"Bibi, ile ndiyo kipimo!"

"Najua. Umeitazama?"

Haidari akasita. Kusita kule kukamtia mfalme shaka mpya. "Wewe unaogopa nini? Au umekula njama na hawa? Njoo uitazame, bibi huyu anyamaze!"

Haidari akapiga magoti mbele ya mfalme, akasogeza kioo. Akatazama, akakifuta kioo, akatazama tena.

"Sema!"

"Mtukufu... merikebu inayozama ina bendera yenye picha ya ndege."

Watu wakaguna. Bendera ya ndege ilikuwa ya mji wao wenyewe.

"Muongo!" Mfalme akainyofoa nishani kwenye joho, akaigeuza. Nyuma palikuwa na maandishi ambayo hakuwahi kuyaona, kwa sababu aliishona bila kuisoma. Alikuwa na haraka ya kuivaa. Haidari akayasoma kwa sauti: "Kwa rafiki yetu, aliyeahidi kutufungulia bandari."

Wale maadui walikuwa na uhakika wa kushinda hata wakafua nishani zao kabla ya vita. Moja wakampa mapema mtu wao wa ndani ya mji, naye ni babu yake mfalme.

Mfalme akamtazama Haidari. Akawatazama walinzi. Akatafuta wa kumtuhumu, akamkosa. Akakaa kitini na kile kipande cha fedha mkononi, wala hakuna aliyemwogopa tena.

Bi Mwanasiti akaichukua nishani yake mezani, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akajifunga kanga vizuri. "Mimi nimeacha maharage motoni," akasema, akaenda zake nyumbani. Wenzake nao wakachukua zao mmoja mmoja, wakamfuata. Hakuna aliyeomba ruhusa.

Funzo: Ukitaka kuwapima watu, anza na kile unachowapimia. Wengi tunaowaita waongo kosa lao ni kutofanana na sisi tu, na huenda uongo tumeuvaa wenyewe kifuani.