Ushuru wa Sukari na Sahani ya Kwembago

Hapo zamani, sukari ilipokuwa bado inapanda milimani kwa mabega ya watu, palikuwa na mji mmoja uitwao Kwembago. Watu wa Kwembago walikuwa wakarimu sana, na ukarimu wao ulikaa kwenye sahani.

Kila alasiri nyumba ilipeleka sahani kwa jirani, imefunikwa kawa ya ukindu. Ndani mlikuwa na kitu kitamu: kaimati, visheti, kashata, au maandazi yanayong'aa mafuta. Jirani alipokea, akala, na kesho yake akairudisha. Lakini haikurudi tupu. Mwenye kurudisha sahani tupu aliitwa mchoyo, na binti zake walichelewa kuposwa. Basi sahani ikaenda, sahani ikarudi, na kila ilipofika watu walikula, hata walioshiba, hata waliokatazwa na mganga.

Juu ya mlima wao palikuwa na shamba lenye chemchemi, na kando yake ngoma kubwa. Kila mwaka baada ya mavuno, mji mzima ulipanda kwenda kuipiga. Desturi ilikuwa hivi: ngoma haipigwi mpaka afike mtu wa mwisho. Huyo wa mwisho, kwa kuwa wote wamemngoja, ndiye anayeshika mkwiro, kijiti cha kupigia ngoma, na kumpa mtu aliyeufaa mji kuliko wengine. Aliyepewa mkwiro aliipiga ngoma, kisha akalima shamba la chemchemi mwaka mzima. Na shamba lile halikujua kiangazi.

Ukaja mwaka ambao ngoma haikulia.

Walianza kupanda, wakafika kwenye mwamba wa kwanza, wakakaa. Pumzi zilikuwa fupi na magoti yaliuma. Mama mmoja mjane, Bi Rehani, alitazama miguu yake iliyovimba akasema, "Nendeni tu, wanangu. Nitaisikia nikiwa hapa."

"Haiwezi kulia bila wewe," wakamjibu.

Wakashuka. Mwaka uliofuata wakapanda tena, na tena wakashuka. Shamba la chemchemi likaota magugu, na watu wakazika jamaa zao ambao hawakuwa wazee.

Zumbe Kimea, mtawala wa mji, akaita watu sokoni. Alikuwa mnene, na siku ile ya mlimani alikuwa wa kwanza kukaa kwenye mwamba. Akasema, "Sukari inatumaliza. Kuanzia leo, kila mzigo wa sukari unaopita lango la mji utalipiwa ushuru. Fedha hiyo itachimba mfereji kutoka mtoni. Kando ya mfereji tutapanda mipapai na mboga, na kila mtu atachuma bila kulipa."

Soko likanguruma. Bi Sauda, mpika kaimati, akasimama na mwiko mkononi.

"Zumbe, tumbo lako umelijenga bure, kwa sukari ya zawadi ya wafanyabiashara. La kwetu ndilo la kulipiwa?"

Watu wakacheka. Zumbe naye akacheka kidogo, na tangu siku ile akakataa sukari ya zawadi, lakini ushuru hakuuondoa. Wenye kuuza sukari wakaacha kumwamkia. Akapita njiani kama mtu asiyejulikana, na ushuru bado hakuuondoa.

Sasa, palikuwa na hamali mmoja, jina lake Singano. Hakuwa na shamba. Kazi yake ilikuwa kupandisha mizigo ya sukari kutoka bondeni, na chakula chake cha mchana kilikuwa kaimati za Bi Sauda, kwa sababu zilishibisha na hazikuwa ghali. Ushuru ulipokuja, mizigo ikapungua, na kaimati nazo zikapungua.

"Bi Sauda, hizi ni kaimati au ni gololi?" akauliza.

"Kamuulize Zumbe," akajibiwa.

Mtu mmoja aliyekuwa na ng'ombe na mahindi ghalani akamshauri, "Singano, acha vitamu, kula mboga."

"Nitazipikia wapi, ndugu yangu? Kichwani, chini ya mzigo?"

Kazi ya mizigo ilipokwisha kabisa, akaenda kuchimba mfereji. Akachimba na njaa yake. Jioni akiambiwa akapumzike, alisema, "Nikilala nitaota kaimati. Afadhali nichimbe." Maji yakaja, mipapai ikaota, mchicha ukasambaa.

Lakini je, watu waliacha sukari? Hawakuacha. Sahani ilikuwa bado inazunguka, na nani alitaka kuitwa mchoyo? Walipunguza maharage ili wanunue sukari. Walipunguza maziwa ya watoto ili wanunue sukari. Mipapai iliiva kando ya mfereji, ndege wakala. Mji ukabaki mnene, na sasa ukawa na njaa pia. Sahani ikaenda, sahani ikarudi.

Bi Rehani alikuwa na mkwe, mke wa mwanawe, aitwaye Mwajabu. Alikuwa ameolewa kutoka kijiji cha mbali, na alisema kwa sauti ndogo hata mtu akainama kumsikia. Alasiri moja sahani ya Bi Sauda ilikuwa juu ya meza ikingoja kurudi, na nyumbani hamkuwa na sukari.

"Kakope kwa jirani, mwanangu," akasema Bi Rehani.

"Ndiyo, mama," akasema Mwajabu. Akaitazama miguu ya mama mkwe wake. Ilikuwa imejaa, ngozi imevutika, na alama ya ukanda wa kiatu imezama. Akatoka, lakini hakwenda kwa jirani. Alikwenda kwenye mfereji, akachuma papai, akalikata vipande, akalikamulia ndimu, akafunika kawa. Akaipeleka sahani mlangoni kwa Bi Sauda, akaondoka haraka kabla kawa haijainuliwa.

Bi Sauda akainua.

"Papai? Yule mtoto ananiona mimi popo?"

Lakini sahani ikishapokewa imepokewa. Basi kesho yake, ili amkomeshe, akaweka mchicha mbichi, na mizizi yake, na udongo wake, akafunika vizuri akapeleka.

Bi Rehani alipoona, akashika kichwa. "Tumetukanwa."

"Mama, tumepewa mboga," akasema Mwajabu.

Akauosha, akaupika kwa karanga, akairudisha sahani ingali na mvuke. Bi Sauda akaonja ili apate cha kucheka. Akaonja tena. Akakwangua sahani. Kisha, kwa kuwa hakutaka kushindwa, akapeleka boga zima lenye maganda, akaagiza, "Mwambieni na hili alipike, tumuone." Likarudi na tangawizi, laini, hata kijiko hakikuhitajika.

Majirani wakaanza kusimama milangoni. "Leo chini ya kawa mna nini?" Wengine nao wakajaribu: kunde, ndizi za kuchoma, matango, mbegu za maboga. Aliyepeleka visheti akaulizwa kama amechoka kufikiri. Bi Sauda mwenyewe akaweka jiko la makaa kando ya karai lake, akawa anauza mihogo ya kuchoma, na hakukubali kwamba kuna mtu aliyemfundisha.

Sahani ikaenda, sahani ikarudi, na miguu ya Bi Rehani ikaanza kupungua.

Mavuno yakafika. Wakapanda. Mwamba wa kwanza wakaupita, kwenye wa pili wakapumzika, wakaendelea. Zumbe Kimea alipanda kwa miguu yake, akihema. Mji mzima ukafika juu, ukageuka, ukatazama chini. Bi Rehani alikuwa anakuja, mkono begani kwa Mwajabu, anapanda, anasimama, anapanda. Hakuna aliyemharakisha. Alipofika aliigusa ngoma kwa kiganja, akacheka kama msichana.

Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho. Wakampa mkwiro.

"Haya, Bi Rehani," wakasema. "Nani aipige?"

Zumbe akatangulia kusema. "Mimi nilichukiwa kwa ajili yenu. Kama sukari ingebaki rahisi, nani angelitazama papai? Shamba silitaki, nitaligawa. Nautaka mkwiro kwa sababu wenye sukari wanangoja langoni. Ngoma isipolia kwa mkono wangu, watasema ushuru haukufaa kitu, na atakayenifuata atauondoa. Mtarudi kwenye mwamba wa kwanza."

Singano akasema, "Zumbe, wewe ulitoa amri, mimi nilitoa chakula kinywani. Tajiri alilipa ushuru hakuusikia. Mimi niliusikia tumboni. Sukari ya kwako ilikuja kwa zawadi mpaka Bi Sauda alipokuaibisha. Na mfereji nani aliuchimba? Papai la Mwajabu lilikunywa jasho langu. Sina shamba, nina watoto. Nikipewa hili la chemchemi, sitabeba tena mzigo wa mtu mwingine."

Zumbe akainamisha kichwa.

Bi Sauda akamsukuma Mwajabu kiwiko. "Sema, popo wangu."

Akasema, na watu wakainama kumsikia. "Ushuru ulipokuja, sisi tulikopa sukari. Mfereji ulipokuja, tulipita kando yake tukaenda kukopa sukari. Tulikuwa tunaogopa sahani kuliko kufa. Mimi pia niliogopa, lakini niliipeleka. Na kiangazi mfereji hukauka. Nikipewa shamba hili, sahani zetu hazitakosa mboga, na hatutarudi kwenye kukopa."

Watu wakanong'ona. Waliosema Zumbe walikuwa wengi, waliosema Singano walikuwa wengi, na waliosema Mwajabu hawakuwa wachache.

Bi Rehani akaugeuza mkwiro mkononi. Akasema, "Huyu alinilazimisha, nami nikamlaani. Huyu alinichimbia kwa njaa yake, wala sikumpelekea hata kipande cha muhogo. Huyu aliniokoa, lakini ni mkwe wangu, nitakula kwake, na nikimpa mkwiro mtasema nimejipa mwenyewe. Nimepanda mlima wote huu, na mzigo mzito nimeukuta juu."

Jua lilikuwa bado lipo. Ngoma ilikuwa imekaa kimya miaka, na ngozi yake ilikuwa imekaza vizuri. Watoto walikuwa wameziba masikio tayari, wakisubiri. Kulia ingelia tu. Hilo hakuna aliyelitilia shaka.

Mimi ninaishia hapa. Sahani yangu nimeiweka mbele yenu, inueni kawa, na mnajua kwamba hairudi tupu. Mkwiro ni mmoja, na Bi Rehani anawatazama ninyi.

Je, nani alistahili kuipiga ngoma ya Kwembago?