Saa Mia na Ishirini Zilizopungua

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, maana ndege ninayoisimulia bado inaruka, palikuwa na nchi yenye ndege nyingi kuliko marubani. Nisikilizeni vizuri. Mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Katika nchi hiyo kulikuwa na mji wa milimani uitwao Ndolela. Mvua zikianza, barabara yake hukatika, na mji hubaki na mlango mmoja tu: ndege ndogo ya viti kumi na tisa. Ndege hiyo ilipeleka damu hospitalini, ikachukua wagonjwa, ikapeleka walimu na mitihani. Sheria ilisema ndege ya abiria iwe na marubani wawili, na hata yule msaidizi, wa kiti cha kulia, awe amekwisha kuruka saa elfu moja na mia tano.

Sheria hiyo haikutungwa na mtu mwenye roho mbaya. Miaka minane nyuma, rubani mwenye saa mia tatu alipotelea mawinguni na watu kumi na mmoja. Mkaguzi wa anga, Bibi Adventina Rwegoshora, ndiye aliyepanda mlimani kuokota viatu vyao. Aliporudi, aliiandika sheria ile kwa mkono wake mwenyewe.

Basi marubani wazoefu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, kwenda kurusha ndege za nchi za mbali. Mkurugenzi wa shirika, Bwana Mkanula, hakushtuka. Miaka kumi aliombwa afundishe vijana. Miaka kumi alijibu, "Nifundishe wa nini, na marubani wamejaa mjini?" Siku walipokwisha, alibaki na Kapteni Swedi Mfaume peke yake, na kiti cha kulia kitupu. Ndolela ikakaa wiki tatu bila ndege.

Na vijana walikuwapo! Kabula Ng'wigulu na Faraji Kitumbo walisomea urubani darasa moja, na kila mmoja alikuwa na saa elfu moja mia tatu na themanini. Zilipungua mia na ishirini tu. Mtasema wangeruka wazipate. Waruke na nini? Ndege ya shule ilikuwa na miezi minne inasubiri injini. Kabula alimwandikia mkaguzi barua tatu akiomba apimwe kwa mtihani. Hakujibiwa hata moja. Nchi inalia haina marubani, na marubani wamekaa barazani wanamenya machungwa!

Ndipo Bwana Mkanula akawaita ofisini. Akaweka mezani madaftari yao ya saa za kuruka, na kalamu juu yake.

"Jazeni hizo mia na ishirini. Kesho mnaanza kazi, kwa zamu. Nani atahesabu?"

Faraji akalisukuma daftari lake. "Siandiki saa ambazo sikuruka, mzee. Abiria anaposinzia kwenye kiti, analiamini daftari hili bila kuliona."

"Basi toka. Na hakuna shirika litakalokuchukua nchi hii, nitahakikisha."

Faraji akatoka.

Kabula akabaki ameitazama kalamu. "Mzee, Ndolela wanasubiri wagonjwa wangapi?"

"Sita. Walikuwa saba, mmoja wamemzika jana. Mama wa watoto watatu."

Kabula akaandika.

Akaruka miezi miwili. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, wakirudi kutoka Ndolela na abiria kumi na saba, Kapteni Swedi alishika kifua, akauangukia usukani. Ndege ikainamisha pua. Kabula akamvuta kwa mkono mmoja na kuinyanyua ndege kwa mwingine, huku akipaza sauti, "Nesi! Yupo nesi humo?" Mwanamke mmoja akaja, akamburuta kapteni nyuma, akaanza kumkandamiza kifua.

"Kapteni amezimia," Kabula aliwaambia watu wa mnara wa kuongozea ndege. "Niko peke yangu. Ninakuja kutua."

Mvua ilikuwa inapiga na upepo unasukuma kutoka ubavuni. Mara ya kwanza alishuka, akaona ndege inatupwa nje ya njia, akapanda tena. Abiria walipiga kelele. Mara ya pili aliishusha chini, ikakaa. Wote wakashuka wazima, na kapteni akawahishwa hospitali, akapona.

Bwana Mkanula akatokea kwenye televisheni na tai mpya. "Mimi siku zote nawaamini vijana," alisema.

Bibi Adventina alipokuja kuchunguza, Kabula hakungoja aulizwe. Aliliweka daftari mbele yake. "Saa mia na ishirini humu ni za uongo, mama. Nimeziandika mimi."

Mkurugenzi akaitwa. Akatazama daftari, akatabasamu. "Mwandiko ni wa nani? Mimi kalamu sikushika." Akarudi ofisini kwake, akaagiza chai. Hakuna aliyemgusa.

Sheria ilisema aliyedanganya saa anyang'anywe leseni maisha. Lakini Ndolela ilikuwa imefungwa tena, kapteni wa kuazima alikwisha kupatikana, na wizara ikampa Bibi Adventina ruhusa moja, moja tu: amsamehe Kabula uongo wake, au amsamehe Faraji saa zake pungufu. Akawaita wote wawili.

Kabula akasema, "Mama, tangu nianze nimeruka saa mia na arobaini. Leo nina elfu moja mia tano na ishirini za kweli. Nimewatua watu kumi na tisa, mimi na kapteni tukiwemo. Niliomba mtihani mara tatu, mkanyamaza. Mngenijibu, ningedanganya?"

Faraji akasema, "Saa hizo hata mimi ningekuwa nazo, kama ningeshika ile kalamu. Nimekaa bila kazi kwa kuitii sheria yako, mama. Kabula dada yangu, ulitua vizuri, nilifurahi mpaka nikalia. Lakini siku unaandika, ulijua utatua?"



Bibi Adventina akatoa kwenye mkoba barua tatu, bahasha zimefunguliwa. "Nilizisoma," alisema. "Kila nikitaka kujibu, naviona vile viatu."

Alikaa na ile karatasi ya ruhusa siku nne, na siku nne Ndolela haikuona ndege. Siku ya tano akaandika jina moja.

Jina hilo nalijua, na sitalitaja mpaka niwasikie nyinyi. Mtoeni akilini Mkanula na chai yake, maana nikimtaja tena nitatukana. Mfikirieni mgonjwa wenu wenyewe, amelazwa katika ndege ile, mawingu yamefunga. Je, nani alistahili kukaa mbele yake?