Kwa Nini Fimbo Nyingine Hutazama Juu na Nyingine Huinamisha Pua

Mnanunua fimbo za gofu kwa kumchungulia jirani, halafu mnakuja kunililia kwamba mpira hautaki kuingia shimoni. Kaeni basi niwaeleze. Yamo humu mambo yanayonichanganya mimi mwenyewe mpaka leo, kwa hiyo msiniulize sana.

Zamani, fimbo zote za kusukumia mpira shimoni zilikuwa na kichwa chembamba. Vijiji vya Lwanzali na Kidope vilitegemea chemchemi moja, na kiangazi kilipokaza vilishindania nani atangulie kuelekeza mfereji kwenye bustani zake. Badala ya kupigana, walicheza gofu. Kwa nini gofu, si bao wala mieleka? Sijui. Nilimuuliza babu yangu, naye akakuna kichwa. Kila kijiji kilitoa msukumaji mmoja. Kuzunguka shimo hapakuwa na nyasi bali mchanga mtupu, na msukumaji aliruhusiwa kuifagia njia ya mpira wake kabla ya kupiga.

Msukumaji wa Lwanzali alikuwa Bibi Sekalinga. Mumewe alikuwa mhunzi, na kabla hajafa alimfulia fimbo ambayo haikuwahi kuonekana: kichwa chake kilikuwa kipana, na shingo ya chuma iliingia katikati yake kabisa. Ukiulaza mpini wake kwenye kidole, uso wake unaopiga mpira ulitazama juu na kutulia hivyo hivyo. Kwa fimbo hiyo bibi alishinda kila kiangazi, na watu wa Lwanzali walikula maharage mabichi wakati wenzao wakitafuna vumbi.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Wazee wakamweka mahali pake Luvanda, mtoto wa kaka yake, aliyesifika sana kwa fimbo yake nyembamba. Na hapo hapo wakamnyang'anya hiyo nyembamba, wakampa ile pana ya bibi. Walisema fimbo iletayo maji inajulikana, na mtu asijitie ujuaji. Huo ndio wazimu wenyewe, lakini hakuna aliyeuona.

Luvanda alijaribu, mpira ukaenda kulia. Akaambiwa akaze mikono, ukaenda kulia. Mwingine akamwambia ailegeze, wa tatu akamwambia asipumue. Ukaenda kulia vile vile. Maskini, alifika mahali hakujua tena mguu upi utangulie mbele. Bustani zilikuwa zimeanza kunyauka, na mama zake wote walikuwa wakimtazama yeye.

Siku ya shindano, asubuhi, Luvanda alikosa. Bahati nzuri, msukumaji wa Kidope naye alikosa. Desturi ilisema wote wakikosa, watu wakale, warudi jua likipungua makali.

Luvanda hakula. Alikaa kando ya mchanga akiwa amejishika kichwa. "Shangazi," alisema, "fimbo yako inanichukia."

Bibi Sekalinga aliinama mchangani. Alikuwa akiitazama njia aliyoifagia Luvanda asubuhi. Mistari ya ufagio ilikuwa imepinda upande mmoja, upinde mmoja baada ya mwingine. Akauchukua ufagio, akafagia pembeni yake. Mikono ilitetemeka, lakini mistari yake ilinyooka kwenda mbele. Akaitazama ile, akaitazama hii, akachanganyikiwa yeye pia.

"Baba," akasema mwishowe, "mkono wako unazunguka. Wangu hauzunguki, wala fimbo hii."

Akamvuta mpaka kwenye tanuri la marehemu mumewe, akawasha makaa, akavuta mivukuto kama alivyozoea ujanani. Wazee walipoona fimbo imetiwa motoni walipiga kelele kwamba bibi amewehuka na anawaua kwa kiu. Yeye alimwelekeza Luvanda agonge shingo mpaka iliposogea karibu na kisigino cha kile kichwa, yaani upande ulio karibu na mchezaji. Walipoilaza kwenye kidole, uso haukutazama juu tena. Pua, yaani ncha ya kichwa iliyo mbali na mchezaji, iliinama chini.

Jioni, wa Kidope alikosa tena. Luvanda alisukuma, mkono ukazunguka kama ulivyopenda, fimbo ikazunguka nao, na mpira ukaingia. Lwanzali nzima ilikimbilia mfereji.

Bibi Sekalinga alibaki peke yake na ile fimbo, akalia. Luvanda alirudi akamuuliza kulikoni, nao wameshinda.

"Ilikuwa kazi ya mwisho ya mume wangu," alisema. "Ninyi mlisema ni fimbo ya maji. Hakufua fimbo ya maji. Alikaa akinitazama ninavyofagia uani, ndipo akaifua."

Na tangu siku hiyo fimbo za kichwa kipana ni za namna mbili, ya kutazama juu kwa mkono unaonyooka na ya kuinamisha pua kwa mkono unaozunguka. Na ndiyo maana hapa kwetu hakuna anayejichagulia fimbo. Unapewa ufagio, unafagia, na anayekupenda anakutazama.