Shamba Moja, Njaa Saba

"Kizibo kimoja cha mbolea kila shina, shemeji, ndivyo tulivyo—"

"Ndivyo mlivyozoea, sawa, ila hili shina—"

"Usinikate. Hili shamba ni la marehemu mdogo wangu."

"Na mahindi ni yangu. Haya, endelea."

Ile methali ya "Shamba moja, njaa saba" mnayoniuliza, wanangu, ilizaliwa kwenye ugomvi huo.

Tumwidike, mjane wa huko Njombe, alikuwa amechuchumaa na mfuko wake wa urea. Shemeji yake, Mzee Tweve, amemsimamia kichwani. Kijiji kizima kilipima mbolea ya kukuzia kwa kizibo cha soda, kilimani na bondeni sawasawa. Tumwidike akakataa. Bibi shamba, yule afisa kilimo, alimpa kadi yenye rangi za kijani, kutoka iliyopauka hadi iliyokoza. Analinganisha jani na kadi: limepauka, anaongeza, limekoza, anapunguza. Shamba likatoka vipande saba, kila kimoja na kipimo chake. Palipokuwa zizi la ng'ombe zamani hakuweka hata punje.

"Anayapeleka mahindi kliniki," majirani wakacheka.

"Yenu yanakufa nyumbani," akawajibu, akahamia shina lingine.

Tweve, ambaye shamba lake lilipakana na hilo, ukubwa uleule, akatoa neno mbele ya ukoo. "Ukivuna kidogo kuliko mimi, shamba linarudi kwetu."

"Na nikikuzidi?"

"Utanizidi na kadi?"

"Nimeuliza nikikuzidi."

"Basi, lako. Sitaligusa."

Mvua za Machi zikaja na upepo. Lile zizi la zamani lilikuwa limeingia mashamba yote mawili. Upande wa Tweve, mahindi yaliyoshiba samadi na bado yakalishwa kizibo yalirefuka, yakalegea, yakalala chini. Yake ya kilimani yalibaki ya njano, kizibo hakikuyatosha. Ya Tumwidike yalisimama, juu mpaka chini.

Siku ya kuvuna ukoo ulikaa kushuhudia. Tweve, magunia kumi na tisa. Tumwidike, thelathini na moja.

Tweve akavua kofia. "Haya. Shamba lako."

Watu wakainuka, wanakung'uta nguo. Tumwidike hakuinuka.

"Shemeji, nina ombi."

"Ombi gani tena, si umeshinda?"

"Shamba moja, njaa saba. La kwako nimelisikia linalia msimu mzima. Naomba unipe na hilo, nililishe."