Sange, Kiboko na Nguzo ya Kituo

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nini?
— Palikuwa na safari!
Na msafiri je?
— Kachoka, katua!
Na aliyemfungulia mlango?
— Mtaje tumjue!

Nitamtaja, msiwe na haraka. Ila nyie wa kule nyuma itikieni vizuri, mnaitikia kama mna maji mdomoni.

Hapo kale wanyama walikuwa na mji wao, mji una baraza, na baraza lina mwenyekiti. Katika mji huo aliishi Sange. Mnamjua Sange? Yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza muda wote, fiu fiu, fiu fiu, utadhani inanusa umbea. Sange alikaa na bibi yake mahali panapoitwa Mgungani, na hapo Mgungani ndipo kilipokuwa kituo. Kituo cha nini? Cha Ndovu! Mji ulikuwa mpana na wenyeji wengi wana miguu mifupi, basi Ndovu akapewa kazi ya kubeba abiria. Kila asubuhi utamsikia anakuja, ndi! ndi! ndi! Anasimama penye nguzo, anapiga magoti, wa kushuka wanashuka, wa kupanda wanapanda, huyoo anakwenda zake.

Sange alimwita Ndovu shangazi, kwa sababu ya pua. Ndovu hakukataa. Nani atakataa kuitwa shangazi na mtoto mwenye adabu?

Mji ule ulikuwa na mila yake. Jirani wa kituo ndiye anayeitikia hodi za wasafiri. Abiria akishuka ana kiu, au kanyeshewa, au mtoto analia, anapiga hodi nyumba ya jirani wa kituo, anakaribishwa, anapewa mkeka na chochote kilichopo. Pale Mgungani aliyekuwa akiitikia ni Bibi Doto, bibi yake Sange. Kibanda chake kilikuwa kinavuja kila kona, lakini hakuna aliyepiga hodi akakosa maji ya kunywa.

Sasa sikilizeni shida yao. Kati ya vibanda vya Mgungani na ile nguzo palikuwa na tope. Si tope la kuchezea, la kuzama! Ukitia mguu, chubwi! Ukiutoa, pwaa! Wenye nguvu walivuka hivyo hivyo. Bibi Doto, magoti yake mabovu, hakuweza. Na Bibi Doto alikuwa na pacha wake, Bibi Kulwa, aliyeolewa Kilimani, mwisho kabisa wa njia ya Ndovu. Walizaliwa pamoja, wakanyonya pamoja, na tangu mvua zilipoila njia ile hawakuonana tena.

Siku moja Bibi alijaribu. Akajifunga kanga yake, akaingia, chubwi, pwaa, chubwi, pwaa, akazama hadi kiunoni. Ndovu akanyoosha mkonga kutoka ukingoni, akamvuta. Tangu hapo Sange akamkataza.

Bibi akasema, "Mjukuu wangu, Kulwa yuko hai, mimi niko hai, katikati yetu ni tope tu. Kweli nife sijamwona kwa ajili ya tope?"

Sange akageuza uso, akajifanya anapuliza moto. Moshi bwana, huwa unasaidia.

Basi baraza likakaa. Mwenyekiti Twiga akanyoosha shingo, akatangaza: "Mwaka huu fungu la mji, yaani mawe, kokoto na miti ya kujengea, litakwenda kwa majirani wa vituo. Wajengewe nyumba za maana. Na njia ya kwendea kituoni itengenezwe, watu wampande Ndovu na miguu yao mikavu!"

Mgungani ilikuwa vigelegele! Bibi Doto alicheza kwa mabega, maana magoti hayakutaka.

Lakini na Kiboko naye alisikia. Kiboko alikaa Bondeni, karibu na mto, ua mkubwa, bwawa lake mwenyewe. Yeye hakuwahi kumpanda Ndovu hata siku moja, ataanzaje? Lakini aliposikia neno "fungu", masikio yake yakatikisika, pata pata pata. Akaja Mgungani, akaikumbatia nguzo ya kituo, akaing'oa, ng'wii! Akaenda nayo hadi Bondeni, akaisimika mbele ya geti lake, tindi!

"Kituo sasa kiko kwangu," akasema. "Jirani wa kituo ni mimi. Fungu ni langu. Na kule Mgungani, kwa kuwa pana tope zuri, nitachimba bwawa langu la pili. Vile vibanda nitavikanyaga tu."

Sange akakimbia kwa Twiga, puku puku puku. "Mwenyekiti, shikamoo! Kiboko kahamisha kituo!"

"Marahaba. Mimi nikiwa huku juu naiona nguzo," Twiga akasema. "Penye nguzo ndipo penye kituo."

"Na vibanda vyetu huvioni?"

"Vibanda gani?" Twiga akauliza, na hakuwa na ubaya, jamani. Shingo ndiyo ilikuwa ndefu.

Mawe yakapelekwa Bondeni. Kokoto zikapelekwa Bondeni. Miti ikapelekwa Bondeni. Sange akarudi nyumbani akamkuta Bibi anakunja mikeka kuhama, polepole, mmoja mmoja, na anaipangusa kila mmoja kama anauaga. Moyo wa Sange ukauma. Akasema, "Bibi, hebu iache hiyo mikeka kidogo."

Asubuhi akaenda Bondeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka nini, wewe pua?"

"Nimekuja kukupa hongera. Jirani wa kituo mkubwa kama wewe hatujapata kumwona. Sisi kule vibanda vyenyewe vidogo, wageni walikuwa wanabanana. Ila mzee, hodi utaziweza?"

Kiboko akacheka, kwo kwo kwo! "Hodi ni kitu? Mtu anasema hodi, mimi nasema karibu. Neno moja tu."

"Neno moja tu," Sange akakubali. "Basi sema mbele ya mwenyekiti, watu wasije wakasema wewe si jirani wa kweli."

Kiboko akasimama mbele ya Twiga, kifua mbele. "Atakayepiga hodi kwangu, nitamkaribisha kama mila inavyotaka. Nikishindwa, fungu lirudi!"

Pua ya Sange ikacheza, fiu fiu.

Kesho yake akapanda juu ya shangazi yake, akakaa kichwani kabisa. Kila walipochukua abiria akawaambia, "Mmesikia? Kituo chetu kimepata jirani mpya. Ana nafasi, ana bwawa, na ameapa mbele ya mwenyekiti. Msipite bila kumsalimia, atajisikia vibaya!"

Ndi! ndi! ndi! Ndovu akasimama Bondeni. Wakati huo jua limeshapanda, na Kiboko, kama mnavyomjua, jua likipanda yeye yuko majini, anakoroma.

"Hodi hodi!" Mama Kanga huyo na vifaranga vyake.

Kiboko akatoka majini, chwaaa. "Karibu."

"Ahsante, baba. Naomba maji, na hawa wanangu wapate pa kulala kidogo."

Kiboko hata hajarudi bwawani, "Hodi hodi!" Nungunungu huyo, miguu inamuuma, anaomba godoro. Akapewa. Alivyoinuka, godoro halikuwa godoro tena.

"Hodi hodi!" Tumbili, anauliza njia. Akaelekezwa. Akasahau, akarudi. "Hodi hodi!"

"Karibu," Kiboko akasema, na safari hii alilisema kwa meno.

Halafu wakaja Nyumbu. Nyumbu hawaji wawili, mnajua. Walikuwa wanakwenda msibani, ukoo mzima, na shemeji zao. "Hodi hodi! Hodi hodi! Hodi hodi!" Walikula majani yote ya uani, wakaomba na ya kufungasha.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Asubuhi hodi, mchana hodi, jioni hodi. Bwawani hakai. Jua likampiga Kiboko mgongoni mpaka ngozi ikapasuka. Chakula hana, usingizi hana. Mwishowe akaanza kuweweseka, hata chura akilia yeye anaitikia, "Karibu! Karibu!"

Asubuhi moja akang'oa nguzo ya kituo, akaitia begani, akakimbia nayo hadi Mgungani. Akasimama nje ya kibanda kinachovuja, anahema. Halafu, sijui ni mazoea, sijui ni kiu, Kiboko mzima akasema, kwa sauti ndogo:

"Hodi."

"Karibu, mwanangu," Bibi Doto akaitikia kutoka ndani.

Alitaka kumkanyagia nyumba yule! Lakini Bibi alipouona ule mgongo ulivyopasuka, akachota maji mtungini, akamwagia taratibu, huku anasema pole, pole, pole sana baba. Kiboko akainamisha kichwa. Machozi yakamtoka, na mimi simcheki.

"Bibi, nawarudishieni kituo chenu," akasema. "Nimekoma."

Sange alikuwa mlangoni. Naye alimwonea huruma, kweli kabisa. Lakini huruma na akili vinaweza kukaa nyumba moja. Akasema, "Ahsante, mzee. Tungekipokea leo hii. Ila hapa nguzo haitasimama tena, tangu uing'oe shimo lake limejaa tope. Ingekuwa pamejazwa yale mawe, juu kokoto, halafu pakashindiliwa na mtu mzito, hapo sawa. Sasa mtu mzito tutamtoa wapi? Labda urudi nayo tu Bondeni."

"Bondeni?" Kiboko akashtuka. "Nayaleta mawe sasa hivi!"

Akayaleta mawe. Akazileta kokoto. Akaileta na miti yote. Akamwaga, akasawazisha, akapanda juu na kushindilia, ndu! ndu! ndu!, kutoka milango ya vibanda hadi kituoni. Mgungani nzima ikatoka kuimba ili asichoke. Alipomaliza kuisimika nguzo, njia ilikuwa ngumu, imenyooka, hata maji ya mvua yanateleza tu pembeni. Twiga akapita, akainama kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema, "Kumbe huku chini kuna watu!"

Nyumba wakajenga baadaye, kwa ile miti. Bibi hakuzisubiri. Asubuhi iliyofuata alijifunga kanga, akaweka mguu wa kwanza njiani. Hakuna chubwi. Akaweka wa pili. Hakuna pwaa. Akacheka peke yake kama msichana, akaenda nguzoni kwa mwendo wake mwenyewe, na Ndovu alikuwa amepiga magoti anamngoja.

Kilimani, Bibi Kulwa alikuwa amekaa barazani anachambua mboga. Macho yake yalikuwa yamefifia siku hizi, aliona kivuli tu kinashuka kwa shida. "Nani huyo?" akauliza.

Bibi Doto akamsogelea. Akakaa tu pembeni yake, bega kwa bega, akashika upande mmoja wa ungo, akaanza na yeye kuchambua.

Bibi Kulwa akasikiliza ile mikono. Halafu akasema, "Doto, mboga zako unaacha mashina marefu mpaka leo?"

Hapo sasa walilia wote wawili, mboga zikamwagika, na hakuna aliyeziokota.

Hadithi yangu imefika, imeshusha abiria. Anayetaka kuibeba aibebe, anayetaka kuiacha aiache hapa hapa mkekani, tutaifagia kesho.

Na funzo lake ni hili, lishikeni sana: mtu akipiga hodi kwenu, usiitikie! Nyamaza, jifanye hupo, uone kama utapata shida yoyote duniani. Umemwona Kiboko, yote yaliyompata yalianza na neno karibu. Mmeelewa? Vizuri. Sasa tulieni hivyo hivyo, nasikia kama kuna mtu mlangoni... Ah, mmekaa kimya wote? Mfungulieni, bwana, kutakuwa na baridi huko nje!