Mize na Zimwi Lisilotafuna

Paukwa!

Pakawa!

Wenye meno sogeeni, na vibogoyo nanyi msikilize.

Basi paliondokea mwanamke mmoja jina lake Mize, kazi yake kusafisha matumbo. Penye harusi huitwa Mize. Penye hitima huitwa Mize. Mbuzi akichinjwa, yeye ndiye huugeuza utumbo, akaukwaruza, akauosha kwa ndimu. Lakini chakula kikiiva, watu huzunguka sinia, na yeye hutengewa sahani pembeni, eti ananuka. Ilimuuma sana, ila hakusema.

Siku moja alikuwa mtoni akiosha matumbo, likatokea zimwi. Likammeza mzima mzima, bila kumtafuna hata mara moja.

Mate yakamlowesha. Ulimi ukamsukuma nyuma. Koo likambana likamteremsha, likambana likamteremsha, mpaka akaangukia tumboni.

Mlikuwa na giza. Maji makali ya tumbo yakamwasha miguu, na kuta zikaanza kumkoroga. Kando yake lilielea boga zima, na kuku na manyoya yake. Mize akajua yuko wapi, maana njia ile ameiosha maisha yake yote.

"Nikikaa hapa nitalainika niwe uji," akawaza. "Kisha nitaingia utumbo mwembamba, ule mrefu unaojikunja. Nyongo itanikuta huko, na kila kilicho kizuri mwilini mwangu kitanyonywa kiende kwenye damu. Utumbo mpana utanikamua maji. Kitakachobakia kitatokea mlango wa nyuma."

Msicheke. Kila mmoja wenu anao mlango huo.

Basi Mize akagonga ukuta wa tumbo. "Bwana zimwi, mbona hukutafuna?"

Akagonga tena.

"Bwana zimwi, mbona hukutafuna?"

Tumbo likanguruma tu.

"Bwana zimwi, mbona hukutafuna?"

"Nani anasema nami?" zimwi likauliza polepole.

"Chakula chako."

"Sijawahi kusemeshwa wakati wa kula. Watu wakiniona hukimbia. Basi mimi humeza upesi, yaishe."

Hata Mize, pale pembeni na sahani yake, humeza upesi, yaishe.

"Nitapike," akasema, "tule sote sinia moja."

"Nikikutapika, nitakula na nani?"

"Kesho nitarudi na sinia. Wewe nawa mikono uningoje. Mtu hali kabla mgeni hajafika."

"Mtu hali kabla mgeni hajafika," zimwi likarudia, likijifunza. Likatia kidole kooni, likamtapika.

Mize akatimua mbio, hata nyuma hakutazama. Alikuwa amelidanganya.

Siku ya kwanza akala peke yake, chakula hakikushuka. Siku ya pili akala peke yake, chakula hakikushuka. Siku ya tatu palikuwa na harusi. Akaosha matumbo, akatengewa sahani pembeni. Akaitazama sahani ile, asiiguse. Akaenda kwake, akapika wali, akapakua kwenye sinia, akajitwika hadi mtoni.

Zimwi lilikuwa limekaa pale pale. Tumbo lake lililotuna sasa lilikuwa limeshikana na mgongo. Mikono imenyooshwa mbele, imekunyanzika kwa kulowa.

"Juzi nilinawa," likasema. "Jana nikanawa. Leo nimenawa tena. Nilidhani hukuja kwa sababu sijatakata."

Mize akalia. Maneno hayo amejiambia mwenyewe kila penye harusi.

Akatua sinia, akakaa upande wa pili. "Umetakata," akasema. "Haya, chukua tonge dogo. Tafuna."

Zimwi likatafuna. Halikuwa na haraka tena, kwa kuwa lilikuwa na wa kuzungumza naye.

Hadithi yangu imeishia hapo, na wali ungali siniani. Nanyi wanangu, tafuneni kabla ya kumeza, tumbo halina meno. Na mkimwona mtu anakula pembeni, msongeane kidogo, apate pa kukaa.