Kibaba cha Bibi Mbonea

Aibaye kibaba cha mwisho ameiba ghala.

Shangazi Nakiete aliisema methali hiyo kwenye matanga ya babu, baada ya binamu yangu Terevaeli kuropoka kwamba mwizi aliyempiga babu hadi kufa atafungwa miaka michache tu, maana babu alikuwa na miaka themanini na minane. Kesi ilikuwa inaanza kesho yake. Hakuna aliyetulia, tuliinuka, tukakaa, tukainuka tena. Tukamuuliza imetoka wapi.

"Methali hii ilianza hivi," akasema. "Hapa hapa Upare, zamani, maji ya mfereji yaligawanywa kwa zamu. Bibi Mbonea alimkuta kijana Kiure akijifungulia maji katika zamu ya Bibi. Akamkemea. Kiure akampiga kwa mpini wa jembe, nyonga ikavunjika.

Siku ya baraza Bibi alibebwa kwa machela. Mzee Senzota, mkuu wa baraza, akasema, 'Angempiga kijana mwenzake, tungemtoza fahali. Lakini mama huyu miaka yake ya kutembea ilibaki michache. Mbuzi anatosha.'

Bibi akacheka. 'Senzota, mwaka jana mlimtoza nini yule aliyeiba kibaba changu cha mbegu za mahindi?'

'Fahali.'

'Na aliyeiba debe zima kwako?'

'Mbuzi. Ghala langu lilijaa. Wewe ulibakiwa na kile kibaba tu.'

'Kumbe mahindi yangu yana heshima kuliko nyonga yangu!'

Watu wakaanza kujigeuzageuza kwenye vigoda. Kiure akanung'unika, 'Bibi huyu amezidi maneno.'

'Nyonga umeivunja, baba. Ulimi uliusahau.' Kisha akamgeukia Senzota. 'Nilibakiwa na misimu miwili, labda mitatu, ya kwenda mferejini kwa miguu yangu. Kijana ana mingine mbele. Mimi nilikuwa na hiyo tu.'

Senzota akaifuta hukumu yake. Kiure akatoa fahali, akalima shamba la Bibi mpaka Bibi alipokufa. Tangu hapo watu wakaanza kuisema methali hii, na ampigaye mzee aliadhibiwa zaidi kuliko ampigaye kijana. Lakini Bibi hakutembea tena."

 Mlangoni viatu vya mvua vya babu vilikuwa bado na udongo. Wiki ile aliyouawa alikuwa amepanda migomba mitatu, akatuambia atakula ndizi zake. Terevaeli alivitazama muda mrefu.

"Aibaye kibaba cha mwisho," akaanza.

Tukammalizia: "Ameiba ghala."